Wimbi, Mwamba na Jina: Tahakiki ya Maandishi juu ya Pwani ya Kaskazini ya Oahu

Yako maandishi ambayo kosa lake huishia kitabuni, na yako maandishi ambayo kosa lake humfuata msomaji hadi majini. Mshairi akikosa mizani, sikio la msomaji huumia, na jambo limekwisha. Mwandishi wa safari akikosea umbali wa mji na mji, msafiri huchelewa kufika. Lakini mwandishi aelezaye mahali ambapo mawimbi makubwa huvunjika juu ya mwamba, naye awaandikia watu wanaokusudia kwenda kuyapanda kwa ubao, hana nafasi ya kukosea kwa namna hiyo. Neno moja lililowekwa kwa ajili ya kupendeza, mahali palipohitaji neno la kweli, laweza kumtoa mtu roho. Kwa sababu hiyo maandishi haya, ingawa huhesabiwa mara nyingi kuwa ni ya mchezo na starehe tu, yastahili kupimwa kwa kipimo kikali kuliko kile kipimiacho hadithi za safari.

Pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu, katika Hawaii, yafaa kuwa mfano, kwa kuwa imeandikwa kwa muda mrefu na kwa mikono mingi. Oahu iko nyuzi 21 hivi kaskazini ya Ikweta, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kutoka Haleʻiwa hadi Sunset Beach ni mwendo wa kilometa 11 hivi, na katika kipande hicho kifupi miamba ivunjayo mawimbi imepangana karibu karibu. Kati ya Mei na Septemba bahari hiyo huweza kutulia kama maji ya mtungini. Kati ya Novemba na Februari dhoruba za Pasifiki ya kaskazini, zilizo mbali kwa maelfu ya kilometa, husukuma mawimbi marefu kuelekea kusini. Visiwa vya Hawaii vimechomoza kutoka kilindini, wala havina uwanda mpana wa maji haba mbele yao; basi mawimbi hayo hufika pwani yakiwa na karibu nguvu zake zote. Hapo ndipo yalipo mahali patatu ambapo majina yake yamekwenda duniani kote: Waimea, Pipeline na Sunset.

Juu ya mahali hapo vitabu vya kuongozea wageni vina ada moja. Baada ya jina na sifa za uzuri, huja maneno machache yasemayo kwamba hapa ni pa mabingwa tu. Kwa juujuu maneno hayo ni onyo, na mwandishi hudhani kwamba kwa kuyaandika ametimiza wajibu wake. Lakini yakitazamwa vema huonekana kwamba hayasemi lolote juu ya mahali. Yasema juu ya msomaji. Hayamwambii bahari ilivyo, bali yamwuliza yeye ni nani. Na mwanadamu aulizwapo juu ya nafsi yake hujibu kwa jinsi apendavyo kuwa, si kwa jinsi alivyo. Kijana aliyeshinda mawimbi ya kwao, ambayo huenda huvunjika juu ya mchanga laini, ataona kwamba yeye ndiye aliyekusudiwa. Onyo lisilotaja sababu hugeuka mwaliko, na ukuta uliojengwa kwa sifa huwa ngazi ya kupandia.

Ila ya pili ni ya hesabu. Kwa desturi ya wapanda mawimbi wa Hawaii, wimbi hukadiriwa hivi kwamba idadi ya futi inayotajwa huwa karibu nusu ya kimo cha uso wake, yaani ule ukuta wa maji umkabilio mtu. Wimbi liitwalo la futi 10 huko huweza kuwa na ukuta wa futi 20 hivi, karibu mita 6. Hapana kosa katika desturi hiyo, maana kila jamii ya watu wa bahari hupima kwa kipimo chake. Kosa ni la mwandishi aichukuaye hesabu hiyo na kuipeleka kwa wasomaji wa mbali bila kuwaambia imepimwaje. Tarakimu ina sura ya ukweli mtupu, na kwa hiyo hudanganya kwa urahisi kuliko sifa. Msomaji huweza kulitilia shaka neno «kubwa sana». Hana sababu ya kuitilia shaka kumi.

Maandishi yaliyo bora huanza kwa kueleza sababu. Mbele ya ufuko wa ʻEhukai, mahali paitwapo Pipeline, chini ya maji pana mwamba wa mawe ya volkeno wenye mashimo na mapango, na maji yaliyo juu yake mahali pengine hayazidi kimo cha mtu. Wimbi litokalo kilindini hufika juu ya mwamba huo kwa ghafula. Chini hukawizwa na mwamba, juu huendelea kwenda mbio, na kichwa chake hutupwa mbele kabla ya mwili wake, likaacha uwazi mviringo ambamo mtu hupita kana kwamba yumo ndani ya bomba. Mwanzoni mwa majira ya baridi mchanga uliorundikana huweza kuliharibu umbo hilo, hata mawimbi makubwa ya kwanza yauondoe. Aliyesoma maelezo kama hayo hahitaji kuambiwa kwamba pana hatari. Ameelewa kwamba uzuri wa wimbi lile na hatari yake ni kitu kimoja: ule mwamba wa karibu ulifanyao kuwa zuri ndio mwamba utakaompokea mtu aangukapo. Hapo onyo limekuwa maarifa, na msomaji aweza kujihukumu mwenyewe kwa haki.

Wahenga wa pwani ya Waswahili walisema, «Penye wimbi na mlango ni papo.» Methali hiyo ilitungwa na watu waliojua miamba, nayo yatoa kipimo kizuri cha uhakiki: je, mwandishi ameonyesha wimbi peke yake, au ameonyesha na mlango? Kwa kipimo hiki mmoja wa waandishi wa kwanza kabisa, James King, afisa wa safari ya tatu ya Cook, awashinda wengi waliomfuata. Aliyaona mawimbi ya ghuba ya Kealakekua, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, mwaka 1779, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1784. Hakuishia katika kustaajabia ushujaa. Alieleza kwamba pwani ilizuiwa na safu ya mawe yenye nafasi chache kati yake, na kwamba aliyepanda wimbi alipaswa kuuelekeza ubao wake katika mojawapo ya nafasi hizo; akishindwa, ilimpasa auache ubao kabla ya kuyafikia mawe, apige mbizi chini ya wimbi na kurudi alikotoka, jambo lililohesabiwa kuwa ni aibu, na ubao wenyewe huvunjika. Katika maneno machache mna wimbi, mna mwamba, mna mlango, mna na sheria ya heshima ya watu wenyewe. Mgeni aliyekuwa hajui lugha aliandika hivyo kwa sababu alitazama kwa makini kabla ya kushangaa.

Mark Twain, aliyefika Hawaii mwaka 1866 na kutoa kitabu chake *Roughing It* mwaka 1872, alijaribu mchezo huu akashindwa, na kushindwa kwake alikusimulia kwa ucheshi: ubao ulifika pwani bila mtu, na mtu akafika chini ya bahari na tumbo la maji. Ucheshi wake una unyofu, maana hajikuzi. Lakini hukumu aliyoitoa, kwamba wenyeji peke yao ndio wawezao kuumiliki ustadi huu, ina udhaifu uliofichwa ndani ya sifa. Yaufanya ujuzi kuwa tabia ya kuzaliwa, kama kwamba watu wa Hawaii waliupata bila kufundishwa na bila kuhesabu wafu wao. Ukiona vyaelea vimeundwa. Na mtu asimamaye juu ya wimbi ameundwa pia, kwa miaka ya kuanguka na kwa maneno ya wakubwa wake.

Jack London alifika mwaka 1907, na sura yake juu ya mchezo huu imo katika kitabu *The Cruise of the Snark* cha mwaka 1911. Yeye ana sifa moja kubwa ambayo wakosoaji humsahaulia: aliona haja ya kueleza wimbi ni nini, kwamba maji yenyewe hayasafiri bali mwendo ndio usafirio, na kwamba wimbi huvunjika kwa sababu chini kumekuwa haba. Hayo ni maelezo ya mwalimu. Lakini alipomfikia mpanda mawimbi kalamu yake ilibadilika. Mtu yule akawa kama mungu wa sanamu, amesimama peke yake juu ya povu, hana jamaa, hana kijiji, hana mwalimu. Tena mawimbi aliyoyajaribu London yalikuwa ya Waikīkī, pwani ya kusini, ambayo kwa kawaida ni mapole kuliko ya kaskazini. Namna yake ya kuandika ilihamishwa baadaye na wengine, ikapelekwa katika maji makali, na huko ndiko ilikoleta madhara. Sanamu ya shujaa mpweke haidhuru sana mahali ambapo aangukaye huangukia maji. Yadhuru mahali ambapo aangukaye huangukia jiwe.

Kisa kimoja cha pwani ya kaskazini chaonyesha vema mpaka wa ushujaa huo. Desemba mwaka 1943 wapanda mawimbi wawili, Woody Brown na Dickie Cross, waliingia baharini pale Sunset. Mawimbi yalizidi kukua, na ule mkondo wa maji marefu walioutegemea kurudia pwani ukafungwa na mawimbi yaliyovunjika toka upande hata upande. Walipiga makasia ya mikono hadi Waimea wakitafuta maji salama. Brown alitupwa ufukoni akiwa hai. Cross hakuonekana tena. Hapo methali ya wahenga yapata maelezo yake ya mwisho: mlango upo penye wimbi, lakini mlango nao una saa yake ya kufungwa. Mwandishi aelezaye njia ya kuingia bila kueleza inafungwa lini ametoa nusu ya maarifa, na nusu ya maarifa baharini ni mtego.

Baada ya sababu huja jina, na jambo hili huonekana dogo kwa wasiofikiri. Jina Pipeline lasimuliwa kuwa lilitokana na kazi ya kulaza mabomba iliyokuwa ikifanywa karibu na hapo. Lilienea baada ya Desemba 1961, Phil Edwards alipolipanda wimbi hilo mbele ya kamera ya Bruce Brown. Vitabu vingi huandika kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza. Lililo hakika ni kwamba yeye ni wa kwanza kupigwa picha ya sinema iliyotangaa. Kati ya kuonekana na kuwa wa kwanza pana nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo wamezikwa watu wengi wasiokuwa na kamera. Mhakiki hana haki ya kudai kwamba walikuwako wengine kabla ya hapo pasipo ushahidi; lakini ana haki ya kudai kwamba mwandishi asigeuze kimya cha makaratasi kuwa ushahidi wa utupu wa bahari.

Sunset nayo ina jina la zamani: Paumalū. Mary Kawena Pukui na wenzake, katika kitabu chao cha majina ya mahali pa Hawaii, waeleza kwamba maana yake ni kuchukuliwa kwa siri, nao wataja kisa cha mwanamke aliyevua pweza kupita kiasi alichoruhusiwa, papa akamkata miguu. Jina la Sunset, yaani machweo ya jua, lilikuja karne ya 20 pamoja na biashara ya viwanja vya nyumba. Ni jina zuri, nalo lingeweza kutiwa katika pwani yoyote ielekeayo magharibi. Jina la kale haliwezi kuhamishwa. Ndani yake mna mwamba wenye pweza, mna papa, mna kiasi, mna na adhabu ya kuvuka kiasi. Tena katika lugha ya Hawaii neno heʻe ni pweza, na heʻe ni kuteleza. Heʻe nalu, kuteleza juu ya wimbi, ndilo jina la mchezo wenyewe. Hata kama masikio ya wenyeji hayakukusudia kuyaunganisha maneno hayo mawili, msomaji wa leo apata fundisho: pale ambapo watu wengi hushindania wimbi moja, hatari ya kwanza ni mkono uchukuao zaidi ya fungu lake.

Mahali pale pale pana kisa cha Kahikilani, mwana wa mfalme wa kisiwa cha Kauaʻi, aliyekuja Paumalū kwa ajili ya mawimbi, akapendwa na mwanamke aliyetumikiwa na ndege. Alimwahidi mwanamke huyo uaminifu, kisha akapokea shada la maua na busu kwa mwingine. Ndege wakapeleka habari, naye akageuka jiwe juu ya kilima kitazamacho bahari. Kwa mtu wa haraka hiki ni kisa cha mapenzi. Lakini shujaa wa kisa ni mpanda mawimbi hodari kuliko wote, na ustadi wake haukumwokoa, kwa sababu alivunja ahadi. Ndiyo kusema kwamba masimulizi ya kale yalimpima mtu wa mawimbi kwa jambo lililo nje ya mawimbi. Neno «bingwa» la vitabu vya wageni halina nafasi ya kipimo kama hicho.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki haoni ugeni katika hayo. Karibu na Dar es Salaam liko Fungu Yasini, na jina hilo humfanya msikilizaji asite hata kabla ya kuambiwa lolote, kwa kuwa Yasini ni sura isomwayo penye mauti. Mtu aweza kuliita fungu hilo kwa namba katika ramani, na namba itafaa kwa mwenye chombo cha kupimia. Lakini kusita kule kutakuwa kumepotea.

Majina ya Oahu hayakupotea kwa usahaulifu tu. Ufalme wa Hawaii ulipinduliwa mwaka 1893, na mwaka 1896 sheria iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Marekani ikavitwaa visiwa mwaka 1898. Hata hivyo wenyeji walikuwa wamekwisha kuandika mengi katika magazeti ya lugha yao, yaliyoanza mwaka 1834. Humo John Papa ʻĪʻī aliandika kumbukumbu zake miaka ya 1860, akataja aina za mbao, olo, kīkoʻo na alaia, na ni wimbi gani lifaalo kwa ubao gani. Kitabu cha tafsiri yake kilitolewa mwaka 1959. Kwa hiyo mwandishi wa leo asemaye kwamba wenyeji hawakuacha maandishi juu ya mawimbi yao asema tu kwamba yeye hakuyasoma. Isaiah Helekunihi Walker, katika *Waves of Resistance* cha mwaka 2011, alijenga hoja yake juu ya msingi huo: kwamba mchezo huu haukufa ukafufuliwa na wageni, bali uliendelea mikononi mwa wenyewe, na kwamba eneo la mawimbi lilikuwa mahali ambapo Wahawaii walibaki na mamlaka yao wakati nchi kavu ilipokuwa imekwisha kutwaliwa. Kitabu hicho kina ukali wa mtu atetewaye haki, lakini ni ukali wenye ushahidi.

Hapana budi kutahadhari na kosa la upande wa pili. Zamani za Hawaii nazo zilikuwa na miiko yake, na masimulizi yataja mawimbi yaliyotengwa kwa ajili ya wakuu. Mwenye kuandika kana kwamba kila wimbi lilikuwa la kila mtu ameupamba ukweli kama wale awalaumuo. Tena huenda pakasemwa kwamba kisa cha papa hakimwambii mtu kina cha mwamba, na kwamba maboya ya kupimia, yaliyowekwa baharini kaskazini magharibi ya visiwa, hutoa habari za kimo cha mawimbi saa nyingi kabla hayajafika Oahu. Ni kweli, na boya limeokoa watu ambao kisa kisingewaokoa. Lakini boya lasema ni wimbi gani lijalo. Halisemi ni mtu gani aliye tayari kwenda, wala lini imempasa kurudi. Vipimo na visa si maadui. Maandishi yaliyo kamili huvitaka vyote viwili, kama nahodha atakavyo dira na kumbukumbu ya baba yake.

Mfano wa ukamilifu huo haumo kitabuni tu. Eddie Aikau aliajiriwa mwaka 1968 kuwa mlinzi wa waogaji katika pwani ya kaskazini, na jina lake lafungamana na Waimea. Alipanda mawimbi makubwa kuliko yale waliyoyaogopa wengi, lakini watu wa huko humkumbuka kwanza kwa wale aliowatoa majini. Machi 1978 chombo Hōkūleʻa kilipopinduka katika mkondo wa bahari kati ya visiwa, aliondoka juu ya ubao wake kwenda kuwatafutia wenzake msaada, naye hakuonekana tena; wenzake waliokolewa. Mashindano yaitwayo kwa jina lake hufanyika Waimea katika siku zile chache tu ambazo bahari imekuwa kubwa ya kutosha, na Januari 2023 mshindi wake, Luke Shepardson, alikuwa mlinzi wa ufuko aliyekuwa zamuni siku ile ile. Hapo neno bingwa lapata maana ambayo vitabu vya kuongozea wageni vimeshindwa kuitoa: bingwa ni yule ambaye wengine wako salama zaidi kwa sababu yeye yumo majini.

Basi maandishi juu ya mahali pa mawimbi makubwa yaulizwe maswali matatu. Je, yametaja sababu ya hatari, au yameitaja hatari peke yake? Je, yameonyesha mlango na saa ya kufungwa kwake? Je, yamewataja wenye mahali na jina walilolitoa, au yameanza historia siku mwandishi alipowasili? Kwa maswali hayo King wa mwaka 1784 apata sifa kuliko vitabu vingi vya jana na leo, na ʻĪʻī apata kuliko King, maana yeye hakutazama kutoka merikebuni. Katika lugha ya Hawaii neno nalu ni wimbi, na nalu ni kufikiri kwa kina. Mwandishi aliyelichukua neno hilo kwa maana moja tu amechukua nusu, na bahari ya Paumalū ina kisa cha kale juu ya watu wasiojua kiasi cha kuchukua.